Wiki ya Sayansi ya Dunia: Vyuo vikuu vinapowafungulia wananchi milango ya maabara

KILA ifikapo wiki ya pili kamili ya mwezi Oktoba, vyuo vikuu vingi nchini Marekani hubadilika sura kwa siku chache. Maabara ambazo kwa kawaida huingiwa na wahadhiri na wanafunzi wao pekee hufunguliwa kwa watu wote. Meza hupangwa uwanjani, na miamba, madini na visukuku vilivyokuwa vimefungiwa makabatini hutolewa nje ili kila apitaye avishike kwa mkono wake.

Watoto wa shule za msingi huja na walimu wao. Wazee huja na mawe waliyookota mashambani, wakitaka kuambiwa ni mawe gani na yana umri gani. Wengine huja kwa sababu tu wamesikia kwamba siku hiyo hakuna kiingilio.

Hiyo ndiyo Wiki ya Sayansi ya Dunia, sherehe ambayo kwa wengi wetu huku Afrika Mashariki ni jambo geni. Msomaji anaweza kujiuliza, na ana haki ya kujiuliza, kuna nini cha kusherehekea katika mawe na udongo? Jibu lake ni refu kidogo, lakini linagusa uhai wa watu, wakiwamo wanaoishi chini ya milima na kandokando ya maziwa na mabonde yetu.

Ilikoanzia

Wiki hii ilianzishwa Oktoba 1998 na Taasisi ya Jiosayansi ya Marekani, maarufu kwa kifupi AGI, ambayo ni muungano wa vyama vya wataalamu wa miamba, maji, bahari, madini na fani nyingine zinazoihusu dunia. Taasisi hiyo iliundwa mwaka 1948, hivyo wiki ya kwanza iliambatana na maadhimisho ya miaka 50 tangu kuanzishwa kwake.

Shabaha ilikuwa nyepesi kueleza: mwananchi wa kawaida aielewe ardhi anayoikanyaga, na ajue namna ya kuitunza. Tangu hapo kila mwaka hutolewa kaulimbiu moja. Mwaka 2021 kaulimbiu ilihusu maji ya leo na ya kesho, na mwaka 2022 ilihusu mchango wa sayansi hii katika maendeleo endelevu.

Ndani ya wiki hiyo zimezaliwa siku nyingine. Mwaka 2010 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilianzisha Siku ya Visukuku, ambayo huangukia Jumatano ya wiki hiyo hiyo. Baadaye ikaongezwa siku maalumu ya ramani za kijiolojia.

Nalo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliamua mwaka 2021 kwamba tarehe 6 Oktoba iwe Siku ya Kimataifa ya Anuwai za Kijiolojia, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Kwa hiyo Oktoba imekuwa kama mwezi wa wanajiolojia duniani.

Kinachofanyika vyuoni

Anayedhani kwamba sherehe ya wasomi ni hotuba ndefu na makaratasi atashangaa akifika. Mengi yanayoonyeshwa ni ya kugusa, na vifaa vyake havina gharama kubwa.

Chukua mfano wa meza ya mto. Ni sinia refu lililojazwa mchanga na kuinuliwa upande mmoja, kisha maji yakafunguliwa taratibu upande wa juu. Baada ya dakika chache maji hujichimbia njia, huanza kupinda, hula ukingo mmoja na kutupa mchanga kwenye ukingo wa pili. Mwishoni, pale yanapoingia kwenye beseni, hujenga delta ndogo. Watoto hupewa vijumba vya plastiki wavipange popote wapendapo, halafu maji huongezwa. Vijumba vilivyowekwa karibu na kona ya mto huwa vya kwanza kuondoka.

Aliyeiona meza hiyo haihitaji hotuba kuelewa ni kwa nini serikali hukataza ujenzi mabondeni. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeshuhudia mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kusababisha familia nyingi kuhamishwa kutoka Bonde la Msimbazi kupelekwa Mabwepande, ataiona Jangwani ndani ya sinia hilo.

Kuna pia sanduku la mchanga linalosaidiwa na kompyuta, lililobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California tawi la Davis. Kamera iliyoning'inizwa juu hupima kimo cha mchanga, na projekta humwaga rangi na mistari ya kontua juu yake. Ukirundika mchanga unapata mlima, ukichimba unapata ziwa, na ramani hubadilika papo hapo chini ya mikono yako. Ukitandaza kiganja hewani, mvua ya picha hunyesha na maji hutiririka kuelekea mabondeni. Mtoto aliyeshindwa kuisoma ramani ya kontua darasani huielewa hapo kwa muda mfupi.

Pembeni huwekwa mashine ya kupimia mitetemeko. Watoto huambiwa waruke wote kwa pamoja, na mstari uliokuwa umetulia hurukaruka kwenye kioo. Kisha huelezwa kwamba mashine ya aina hiyo hiyo hunasa tetemeko lililotokea upande wa pili wa dunia, kwa sababu mawimbi yake hupita ndani ya sayari yote. Wengine hudondosha mawe kwenye beseni la unga ili kuona jinsi vimondo vinavyochimba kasoko, na wengine huangalia kipande chembamba cha mwamba kwenye hadubini, ambapo jiwe jeusi lisilo na mvuto hugeuka kuwa na rangi nyingi.

Ramani ya Marie Tharp

Miongoni mwa vituo vilivyojijengea jina kwa kuwakaribisha wananchi mwezi Oktoba ni Kituo cha Uchunguzi wa Dunia cha Lamont-Doherty, mali ya Chuo Kikuu cha Columbia. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1949 huko Palisades, kando ya Mto Hudson, kaskazini ya jiji la New York, kwenye shamba lililotolewa zawadi na familia ya Lamont.

Moja ya hazina zake ni ghala la mashapo ya baharini. Ndani yake mna maelfu ya nguzo za tope zilizochotwa kwa mabomba kutoka sakafu ya bahari zote za dunia. Kila tabaka la tope ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya zama zake, kwa kuwa vijidudu vya baharini vilivyokufa na kuzama humo hubeba alama za joto la maji waliyoishi. Mgeni anayeitazama nguzo moja tangu juu hadi chini huwa ametazama maelfu mengi ya miaka kwa mara moja.

Lakini hadithi ya Lamont inayotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki ni ya mwanamke aliyeitwa Marie Tharp. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, Tharp alikaa ofisini akichora sakafu ya Bahari ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na wenzake wa kiume.

Alipokuwa akilinganisha michoro hiyo aliona kwamba safu ya milima iliyo katikati ya bahari ina mfereji mrefu uliopasua kilele chake. Mwenzake, Bruce Heezen, mwanzoni aliudharau ugunduzi huo na kuuita porojo za kike, kwa sababu kuukubali kungekuwa ni kukubali kwamba mabara yanasogea, jambo ambalo wakati huo wanasayansi wengi wa Marekani walilicheka.

Baadaye ilionekana kwamba vitovu vya matetemeko ya chini ya bahari vimejipanga kufuata mfereji ule ule. Na ilipotafutwa mahali pa nchi kavu panapofanana na mfereji huo, jibu lilikuwa ni Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, bonde tunalolipita tukisafiri kwenda Naivasha au kuteremka Mto wa Mbu ni ndugu wa mfereji uliolala chini ya Atlantiki. Vyote viwili ni mahali ambapo gamba la dunia linavutwa na kupasuka.

Heezen alikubali hatimaye, na ramani ya sakafu ya bahari zote waliyoitoa mwaka 1977 ikawa miongoni mwa picha zilizowasaidia watu wa kawaida kuamini kwamba mabara yanasogea. Tharp alifariki mwaka 2006, akiwa amepata heshima aliyonyimwa ujanani.

Elimu inapobaki kabatini

Kama faida ya sherehe hizi ingekuwa ni kuwafurahisha watoto tu, pengine zisingestahili nafasi gazetini. Lakini historia inaonyesha kwamba umbali uliopo kati ya mtaalamu na mwananchi unaweza kuua.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mji wa Armero nchini Kolombia. Mwaka 1985 volkano ya Nevado del Ruiz ilianza kuonyesha dalili za kuamka. Wanajiolojia walichora ramani ya hatari na kuitoa mwanzoni mwa Oktoba, na ramani hiyo ilionyesha wazi kwamba Armero umo katika njia ya tope iwapo barafu ya kileleni itayeyuka.

Usiku wa Novemba 13, mlima ulilipuka. Barafu iliyeyuka, ikachanganyika na majivu na udongo, na tope likashuka kwenye mito. Lilitumia zaidi ya saa mbili kufika Armero. Muda huo ungetosha watu kupanda vilima vya jirani kwa miguu. Hata hivyo wakazi wengi walikuwa majumbani mwao, na watu wapatao 23,000 walikufa katika mji huo na maeneo mengine yaliyopitiwa na tope. Ramani ilikuwapo, lakini wenye kuihitaji hawakuwa wameielewa, na wenye mamlaka hawakuwa wameiamini kiasi cha kutoa amri.

Miaka sita baadaye, nchini Ufilipino, mambo yalikwenda tofauti. Mlima Pinatubo ulipoanza kutoa moshi mwaka 1991, wanasayansi waliwaonyesha viongozi na wananchi filamu iliyotengenezwa na mtaalamu wa volkano wa Kifaransa, Maurice Krafft, ikieleza kwa picha namna wingu la majivu ya moto na mafuriko ya tope yanavyoua. Aliyekuwa na mashaka aliona kwa macho yake. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa kabla ya mlipuko mkubwa wa Juni 15, na inakadiriwa kwamba maelfu ya maisha yaliokolewa. Krafft mwenyewe hakuuona ushindi huo. Yeye na mkewe Katia waliuawa na volkano ya Unzen, Japani, Juni 3 mwaka huo huo.

Mfano wa tatu ni wa mtoto. Desemba 26, 2004 msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa na wazazi wake katika ufukwe wa Phuket, Thailand. Wiki mbili kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha dalili za tsunami. Alipoona bahari inatoa mapovu na kubadilika isivyo kawaida, aliwapigia kelele wazazi wake, ufukwe ukaondolewa watu, na hapo hakufa mtu.

Siku hiyo hiyo, saa kadhaa baadaye, mawimbi yale yalifika pwani yetu yakiwa yamedhoofika. Pamoja na hayo, watu wasiopungua 10 walipoteza maisha nchini Tanzania, wengi wao waliokuwa wakiogelea. Bahari ilikuwa imetoa ishara, lakini ni wangapi waliokuwa ufukweni siku ile wangeweza kuisoma?

Mazoezi ya mamilioni

Huko California somo hili limegeuzwa kuwa zoezi la mwaka. Watafiti wa matetemeko, kikiwamo kituo chenye makao katika Chuo Kikuu cha Southern California jijini Los Angeles, walikokotoa nini kingetokea iwapo ufa wa San Andreas ungetikisika kwa ukubwa wa 7.8. Matokeo yalikuwa ya kutisha: vifo vipatavyo 1,800 na hasara ya dola bilioni 200 na zaidi.

Badala ya kuandika ripoti na kuiweka rafuni, waliigeuza kuwa zoezi la umma. Novemba 13, 2008 zaidi ya watu milioni 5 mashuleni, maofisini na majumbani waliinama chini, wakajifunika vichwa na kushikilia meza kwa wakati mmoja. Zoezi hilo, lijulikanalo kwa jina la ShakeOut, sasa hufanyika Alhamisi ya tatu ya Oktoba, na limeenea katika nchi nyingine zenye matetemeko.

Na huku kwetu?

Itakuwa makosa kudhani kwamba jambo hili ni la wazungu. Mwaka 2008 ulipotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayari ya Dunia, nchi iliyobeba pendekezo hilo mbele ya Baraza Kuu mwaka 2005 ilikuwa ni Tanzania. Ujumbe wa mwaka huo ulikuwa kwamba sayansi ya dunia ni kwa ajili ya jamii.

Na hakika nchi chache zina sababu nyingi zaidi za kusema hivyo. Ol Doinyo Lengai ni volkano pekee duniani yenye kutoa lava ya kaboneti, isiyofanana na lava ya mahali pengine popote katika zama hizi. Nyayo za Laetoli, zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano kwa zaidi ya miaka milioni 3.6, ziko Tanzania. Mwaka 2018 eneo la Ngorongoro na Lengai liliingizwa katika orodha ya hifadhi za kijiolojia za UNESCO. Kenya nayo inachota umeme kutoka mvuke wa ardhini huko Olkaria.

Lakini ardhi hiyo hiyo inayotupa utajiri hutudai pia. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera na kuua watu wasiopungua 17. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ng'ambo ya magharibi, wakazi wa mji wa Goma wamekimbia lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena mwaka 2021.

Wataalamu wa matetemeko wana msemo kwamba kinachoua si tetemeko bali ni jengo. Fundi wa mtaani akijua namna ya kufunga nondo kwenye pembe za nyumba na kuweka lenta imara, huenda akaokoa watu wengi kuliko mashine yoyote ya kupimia mitetemeko. Swali ni nani atakayemfikishia elimu hiyo, na kwa lugha gani.

Vyuo vikuu tunavyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha jiolojia tangu miaka ya 1970, na fani hiyo inafundishwa pia Dodoma, Nairobi na Makerere. Dar es Salaam kuna Wiki ya Utafiti na Ubunifu ambapo kazi za watafiti huonyeshwa. Hivyo msingi upo. Kinachotakiwa ni kuisogeza meza ya maonyesho hadi walipo watu: uwanja wa shule Bukoba, gulio la Katesh, soko la samaki la Feri.

Ukosoaji

Hata Marekani kwenyewe wapo wanaozikosoa sherehe hizi. Wanasema kwamba wanaokuja ni wale wale waliokwisha kuipenda sayansi, wenye magari na nafasi ya kwenda chuoni Jumamosi, ilhali wanaoishi kwenye miteremko ya hatari hawafiki. Wanasema pia kwamba siku moja ya mchezo haiwezi kuchukua nafasi ya somo la mwaka mzima.

Ukosoaji huo una ukweli ndani yake. Siku ya milango wazi haimfanyi mtu kuwa mwanajiolojia. Kinachoweza kufanywa nayo ni kujenga mazoea kati ya mtaalamu na mwananchi, ili siku mtaalamu atakaposema ondokeni, sauti yake isiwe ngeni masikioni. Armero ilikosa mazoea hayo. Pinatubo yalijengwa kwa haraka, dakika za mwisho, kwa msaada wa filamu.

Kwetu kuna kikwazo kingine, nacho ni lugha. Ripoti nyingi za kijiolojia kuhusu ardhi yetu zimeandikwa kwa Kiingereza na hukaa kwenye maktaba za vyuo na idara za serikali. Mkulima wa Hanang ambaye mteremko uko juu ya paa lake hatazisoma. Wahadhiri wakilazimika kusimama mbele ya wananchi na kueleza kwa Kiswahili mwamba ni nini, ufa ni nini na tope hushukaje, huenda wao wenyewe wakagundua yale ambayo hawajawahi kuyaeleza kwa lugha inayoeleweka.

Gharama si kubwa. Sinia, mchanga, ndoo ya maji na vijumba vichache vya karatasi vinatosha kuanzia, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanatosha kuwa waelezaji. Oktoba huja kila mwaka, tena kabla tu ya mvua za vuli, wakati ambapo somo la maji na miteremko lina faida kubwa zaidi kwa anayelisikia.